Mkono wa Tatu wa Dawa ya Mke Wangu

Mheshimiwa Daktari wa Wodi ya Saratani ya Damu,

Mimi ni mume wa mgonjwa wa kitanda cha dirishani, yule anayewapangia wauguzi wako zamu. Nilianza maisha nikiwa mlinzi wa geti. Leo nina kampuni yenye walinzi themanini na sita. Mambo ya ulinzi sikuhadithiwa.

Ulitueleza kwa upole kwamba dawa mpya ni protini yenye mikono mitatu: mmoja unamshika askari wa mwili, miwili inashika alama mbili tofauti kwenye seli ya saratani, kisha askari anaiua. Nimeelewa, na ndiyo maana nalalamika.

1. Askari hao walikuwa humo humo mwilini, wakipishana na mhalifu kama majirani. Kwangu, mlinzi wa kushikwa mkono mpaka alipo mwizi hamalizi wiki. Nyinyi mnamtafutia msindikizaji.

2. Dripu ya kwanza ilimpandisha homa, na muuguzi akasema ni dalili kwamba askari wameamka. Walinzi wangu wakiamka hawaunguzi nyumba ya tajiri. Mgonjwa mwenyewe, akitetemeka chini ya mablanketi mawili, aliniambia nikae kimya niwaache watu wafanye kazi. Nimekaa kimya. Sijaridhika.

3. Hesabu haikubali. Askari mmoja, mhalifu mmoja: mikono miwili yatosha. Wa tatu unalipwa kwa kazi gani? Mimi walinzi wangu nawapa alama moja tu ya mwizi, wasije wakachanganyikiwa.

Hivyo naomba, kabla ya dripu ya Jumatatu, mkono mmoja upunguzwe, nami nilete walinzi wanne wazoefu wawafunde hao askari wa damu. Mke ninaye mmoja. Sina wa akiba.

Nisalimie wauguzi wote, mama wa usafi, na jirani wa kitanda cha pili anayekoroma.

Wako katika ulinzi,
Baba Pacha

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, simu imeingia kutoka ghala tunalolinda. Mwizi niliyewatangazia walinzi kwa shati lake jekundu amelivua, akatoka kifua wazi. Mlinzi wangu bora amemfungulia geti na kumtakia safari njema. Mke wangu amecheka mpaka kitanda kikalia. Anasema hata saratani huvua alama moja kama shati, na kwamba ulilieleza hilo wazi wakati mimi nahesabu mikono. Tafadhali, Jumatatu dawa ije na mikono yote mitatu. Ukipata yenye minne, usisubiri kuniuliza.