Sheri, Mimi na Jagi la Katikati ya Meza

Jamani, leo heshima yangu imemwagika. Tena haikudondoka tone tone. Imemwagika glasi nzima, mbele ya watu ishirini na mwanamke mmoja aliyepanda ndege kutoka Hispania.

Nawaandikia mapema kabla hamjasikia kwa Kemunto. Yeye ataongeza vyake. Mimi nawapa kama ilivyokuwa, na ilivyokuwa inatosha.

Kwa msionifahamu vizuri, mimi ni Daudi, mtoto wa Hombolo, Dodoma. Kwetu ni zabibu. Baba alilima zabibu, mdogo wangu Lameck analima zabibu, na mimi utoto wangu wote nimeumaliza nikifukuza ndege kwenye zabibu. Huku Minnesota nahudumia wazee kwenye nyumba moja ya wazee Golden Valley. Kemunto, dada wa Kikisii kutoka Kenya, ndiye nesi wa zamu yetu. Sasa pale kazini mvinyo ukitajwa tu, mtaalamu ni mimi. Nani kanipa cheo hicho? Nimejipa mwenyewe.

Kuna mzee mmoja pale ana binti anaitwa Karen. Karen ana duka la mvinyo Saint Paul. Wiki iliyopita alikuja kumwona baba yake, akatuambia Jumamosi atakuwa na mgeni dukani kwake, mama mmoja Mhispania ambaye ukoo wake unatengeneza sheri, ule mvinyo mkali wa kwao, tangu enzi za babu. Watu watakaa, wataonja, watasikiliza. Akanigeukia.

"Daudi, si wewe ndiye unayejua zabibu?"

"Nimezaliwa ndani yake," nikamjibu. (Nimezaliwa zahanati. Tuendelee.)

Akatualika wote wawili, mimi na Kemunto.

Ingekuwa hivyo tu, leo ningekuwa nacheka na ninyi. Lakini juzi nikampigia simu Lameck.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mbona sauti iko chini?"

Akanieleza. Msimu uliopita wanunuzi walichelewa, zabibu zikaanza kuoza shambani. Akajaribu kuzianika juu ya bati. Nusu zikaungua zikawa kama changarawe, nyingine zikaota ukungu, na chache zilizobaki nzima zikaliwa na mbuzi. Alikuwa anafikiria kung'oa mizabibu ya baba apande alizeti. Mizabibu ile baba aliipanda kwa mkono wake.

Basi nikamtajia habari za yule Mhispania, ili tu kumchangamsha. Akachangamka kweli.

"Kaka! Hao si ndio wanaanika zabibu juani halafu wanatengeneza kile kinywaji kitamu cheusi? Muulize wanafanyaje zisiote ukungu. Swali hilo moja tu, kaka. Usisahau."

"Nisahau vipi? Mimi ni mtu wa kusahau?"

Kwa hiyo leo sikwenda kustarehe. Nilikwenda na swali la nyumbani mfukoni.

Shughuli ilipangwa saa nane mchana. Saa nane kasoro robo bado nilikuwa nakwangua barafu kwenye kioo cha gari la Kemunto, yeye amekaa ndani na hita, anapiga honi.

"Daudi! Si nilikwambia utoke mapema? Hii snow haingojangi mtu!"

Nilichelewa kwa sababu ya kuchagua tai. (Ndiyo, nilivaa tai. Ya zambarau. Rangi ya zabibu. Niacheni.)

Tukafika dakika ishirini baada ya muda. Mtu aliyekuwa anatoa maelezo ya mwanzo alikuwa ameshamaliza kuyatoa. Shikeni hapo.

Tukaketi mwisho wa meza ndefu. Mbele ya kila mtu kulikuwa na glasi tatu ndogo, mbili zimeshamiminwa, ya tatu tupu. Katikati ya meza kulikuwa na sahani ya zeituni, biskuti za chumvi, na jagi kubwa la udongo, jeupe, lina maua ya bluu. Jagi zuri! Lilivyokuwa zuri, hata harusini ungeliweka mbele ya maharusi.

Mgeni mwenyewe anaitwa Inés. Mama wa miaka kama sitini, nywele fupi nyeupe, anaongea Kiingereza polepole na mikono miwili. Akatuambia tuonje ya kwanza, iliyokuwa nyeupe kama maji ya choroko. Mimi nilikuwa nimesikia sheri ni tamu. Nikapiga funda la mtu anayejua.

Mama yangu! Ilikuwa kavu mpaka masikio yakakaza.

Kemunto, ambaye ndiye dereva na alikuwa anagusa kwa ncha ya ulimi tu, akaninong'oneza, "Hii ni nini? Ni kama nimeramba ukuta."

"Ndivyo inavyotakiwa," nikamwambia, nikitikisa kichwa kama profesa. Machozi yalikuwa yananilenga.

Ya pili ilikuwa ya kahawia, inanukia karanga za kukaanga. Hiyo nikaielewa. Na hapo ndipo Inés akaanza kueleza jinsi wanavyoizeesha. Alisema kwao mapipa ya mwaloni yanapangwa safu juu ya safu. Safu ya chini kabisa ndiyo yenye sheri kongwe, ya juu ndiyo changa. Wakitaka kujaza chupa wanachota kidogo tu chini, halafu pengo lile wanalijaza kwa sheri ya safu inayofuata, na ile inajazwa na ya juu yake, hivyo hivyo. Pipa halimalizwi hata siku moja. Utaratibu huo wanauita solera.

"Hatumwagi kitu," akasema. "Cha zamani na kipya vinaishi pamoja. Ndani ya glasi yako kuna tone ambalo babu yangu aliliweka pipani."

Nikamkumbuka baba.

Nikiwa katika hali hiyo, mzee mmoja aliyevaa tai ya kipepeo akachukua glasi yake ya kwanza, ikiwa na masalia, akayamimina kwenye lile jagi la maua. Jirani yake naye akamimina ya pili. Nikatazama upande wa pili wa meza. Wanamimina! Mama mmoja mwenye skafu nyekundu akalivuta jagi karibu kabisa na uso, akainama, akajifunika kwa mkono. Nikasema, huyo ananusa. Anajua huyo.

Ikaniingia akilini kama taa. Nikamgusa Kemunto.

"Umeona? Ndiyo solera yenyewe. Kila mtu anachangia. Cha zamani na kipya."

"Uko sure?"

"Dada, mimi nimekulia kwenye zabibu."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu. Nayaandika hapa ili nisije nikayakana.

Inés akaanza kuzunguka na chupa ya sheri ya tatu, ile tamu, nyeusi kama oili chafu, nzito, inashuka kwenye glasi taratibu kama haitaki. Kabla hajafika kwetu, Karen akamshika mkono, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Inés, huyu ni Daudi. Anatoka kwenye nchi ya zabibu, Afrika!"

Watu ishirini wakanigeukia. Inés akatabasamu. Nikajua wakati umefika. Nikafikiri hivi: kwanza nimwonyeshe huyu mama kwamba nimemsikiliza na nimeelewa mila yake, ndipo nimuulize swali la Lameck, mtu na mtu, mkulima na mkulima.

Nikasimama. Nikarekebisha tai. Nikachukua glasi ya maji, kubwa, nikayanywa maji yote ikabaki tupu. Nikalivuta lile jagi. Nikamimina mpaka juu.

Nikaona mkono wa Karen unanyanyuka. Nikadhani ananipongeza.

"Kwa babu yako!" nikasema.

Nikanywa. Yote. Bila kupumua, kama tunavyomaliza togwa kwetu ili mwenyeji asijisikie vibaya.

Katikati ya kunywa nikakutana na kitu kigumu. Kokwa la zeituni. Kikafuata kipande cha biskuti, kimelainika. Nikasema moyoni, mila za watu hizi, usihoji. Kokwa nikaliweka taratibu kwenye sahani. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anaongea, nikaona wanasubiri maoni ya mtaalamu. Nikafumba macho.

"Naisikia bahari," nikasema. "Nasikia karanga. Kwa mbali, tende. Na mwishoni..." Nikatafuta neno. "Mwishoni kuna utu. Nawasikia watu wengi ndani yake."

Mama wa skafu nyekundu alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Tai ya kipepeo ilikuwa inacheza juu na chini kooni kwa mwenyewe.

Inés akaweka chupa mezani. Akasema kwa upole mkubwa, kama mtu anayeleta habari za msiba, "Bwana Daudi. Hilo ni jagi la kutemea."

"La kufanyaje?"

"Watu wakionja wasipotaka kumeza, wanatema humo."

Hapo Kemunto akapata sauti. "Wuuui! Daudi! Umekunywa mate ya watu wote!"

Aliongea Kiswahili, namshukuru Mungu, ila mikono yake ilikuwa inatafsiri.

Mzee wa tai ya kipepeo akajitahidi kunifariji. "Mimi ni mzima kabisa," akasema. "Nilipimwa mwezi uliopita." Mama wa skafu akainua mkono kama yuko darasani. "Mimi nilikuwa na mafua. Lakini yameisha. Karibu yameisha."

Nikaomba kujua choo kiko wapi.

Kule chooni nilisukutua mpaka sabuni ya mikono ikaanza kunivutia. Nikajitazama kwenye kioo, mimi na tai yangu. Kando ya choo kulikuwa na mlango wa nyuma. Nikaufungua kidogo, baridi ikanipiga kofi la uso, na koti langu lilikuwa kwenye kiti, ndani, miongoni mwa mashahidi. Nikaufunga. Nikafikiri labda nikae humo humo chooni mpaka duka lifungwe, watu wa usafi wanikute.

Simu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe wa Lameck.

"Kaka, umeuliza?"

Maneno mawili tu. Kule kwao watu wamelala, yeye yuko macho, anasubiri mtaalamu wake. Nilisimama pale nikiisoma kama barua ndefu. Nilitamani kumjibu kwamba mgeni hakutokea. Nikaandika nusu ya uongo huo, nikaufuta. Nikanawa uso, nikarudi.

Watu walijitahidi kutazama glasi zao. Nikaenda moja kwa moja kwa Inés. Alikuwa anajifuta machozi na kitambaa, na siwezi kuwadanganya, hayakuwa ya huzuni.

"Mama," nikasema, "naomba radhi kwa babu yako."

Akanishika bega. "Keti hapa. Miaka yote ninazunguka na sheri hii, watu wananisifia chupa, wananisifia pipa. Hakuna aliyewahi kusimama akamnywea babu yangu. Umesimama wewe. Umekosea jagi tu."

Nikaketi. Na aibu ikiwa imeshafika mwisho, mtu anakuwa huru. Nikamweleza yote: Hombolo, mizabibu ya baba, bati, ukungu, mbuzi. Nilipofika kwenye mbuzi alicheka tena, kisha akawa mkulima.

"Bati? Hapana, hapana! Bati linachoma chini na kutoa jasho. Mikeka! Sisi tunatumia mikeka ya nyasi."

Akavuta karatasi ya kufutia mikono, akachora. Vichala vipangwe safu moja, visipandane. Vyenye jeraha vitolewe mapema, kimoja kikioza kinaambukiza jirani. Vigeuzwe kwa mkono. Na kabla umande haujashuka vifunikwe, maana umande ndio unaoleta ukungu. Wiki moja, mbili, kulingana na jua.

"Mna jua?" akaniuliza.

"Mama," nikamwambia, "hilo tunalo mpaka tunaligawa."

Nikapiga picha ile karatasi, nikamtumia Lameck. Jibu likaja kabla sijaweka simu chini: "MIKEKA! Kaka!! Mama anayo sita ndani, haina kazi! Alizeti basi!" Nikageuka dirishani kidogo, kana kwamba natazama theluji.

Ndipo Inés akanimiminia ile nyeusi, kutoka kwenye chupa, huku akihakikisha naiona chupa. Jamani. Ilikuwa kama zabibu zile zilizosahaulika kwenye mti kwa wiki kadhaa, zimejikunja, zimekuwa asali, halafu mtu akazipitishia kahawa na tini. Nilikaa nayo mdomoni muda mrefu. Safari hii sikutoa hotuba. Aliponiuliza inasemaje, nikasema, "Nzuri." Basi.

Kurudi nyumbani, Kemunto alicheka mpaka akaegesha gari pembeni ya barabara kuu akaweka taa za hatari. Polisi akasimama kutuuliza kama tuna tatizo. Akamweleza tatizo. Polisi naye akacheka, akaondoka bila kutuaga.

Sasa niko nyumbani. Nimepiga mswaki mara nne. Mke wangu anasema Marekani hatimaye imenifundisha usafi. Tafadhalini, mwacheni aamini hivyo.