Watu wa Sahani

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Ukungu tangu alfajiri. Uwanja wa gofu hauonekani. Ni vilele vya miti tu, vinaelea kama vimesahauliwa na mwenyewe. Meneja kaanza likizo leo. Ameniachia funguo, maua ya kumwagilia, na ujumbe mmoja wa kumfikishia Mwenyekiti wa klabu: kwamba wale wanaocheza gofu ya visahani wamekubaliwa kuutumia uwanja kwa zamu. Watarusha visahani vyao asubuhi, kulenga vikapu vya chuma vilivyosimikwa pembeni, na jua likishapanda watawapisha wenye fimbo na mipira. Jambo dogo. Mtu mwenye moyo angelisema kwa pumzi moja.

Mimi niko kazini kwa majaribio. Jumatatu ijayo Mwenyekiti ataamua nani athibitishwe: mimi, karani wa ofisi, au Mluzi, karani wa duka la vifaa. Nafasi ni moja. Mluzi hupiga mluzi mchana kutwa kama mtu asiyejua wasiwasi unauzwa wapi. Simpendi.

Na kuna hili: kiongozi wa watu wa visahani ni shangazi yangu. Fundi cherehani, sauti yake husikika mtaa wa pili. Naishi kwake. Hapa klabuni hakuna anayejua. Wataona nimekuja kujaza ukoo.

Niliandaa maneno. Niliyakariri chooni. Mwenyekiti akaingia, akasimama dirishani kando yangu. Ukungu ukapasuka kidogo, na katika upenyo ule kikapita kitu cheupe, cha duara, polepole, bila sauti yoyote. Kisha kingine. Tukasahau kupumua, sote wawili. Akauliza wale kule ni akina nani.

Nikafungua mdomo. Hakuna kitu! Kichwa cheupe kama ule ukungu. Nikasema: ni watu wa sahani, mzee.

Akageuka. Akatabasamu! Kumbe, akasema, Meneja keshawapata watu wa vyombo vya karamu ya Jumamosi, baada ya mashindano. “Safi sana, kijana. Wewe unafuatilia mambo.”

Sijawahi kusifiwa hapa. Ningemkatizaje? Nitamweleza kesho.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Sikumweleza. Yeye ndiye aliyeanza. Aliuliza kwa nini watu wale wanazirusha sahani zao. Swali la haki kabisa. Nikajisikia nikijibu kwamba wanazipima uimara.

Macho yakamng'aa. Mwaka jana, akasema, wageni walivunja sahani mpaka watu wakala kwa zamu. Hizi je, hazivunjiki? Hazivunjiki, mzee. Na hilo, namshukuru Mungu, ni kweli tupu. Akaamua papo hapo kwamba wenye sahani za namna ile hawawezi kukosa wapishi. Mpishi wa klabu apumzike Jumamosi. Mpishi hakungoja kuambiwa mara ya pili. Aproni yake niliikuta imening'inia mlangoni, bado inabembea.

Nikarudi mezani, nikatazama nje. Kisahani kikishatoka mkononi hakina haraka. Kinapanda, kinafikiri, kinainama upande mmoja kama mtu anayesikiliza jambo la mbali, kisha kinatua pale ambapo hukukitarajia, na nyasi hazishtuki. Laiti mtu angeweza kuishi hivyo! Chai yangu ilipoa, ikafanya utando. Sikuigusa. Kichwani mwangu nilikuwa nimekwisha kuthibitishwa kazini, nina meza ya mbao nzuri, na hakuna anayeniuliza kitu.

Mluzi akapita. Akasema, “Karani, mbona wapishi wako hawana hata sufuria?” Nikamjibu kwamba kila fundi ana siri zake. Akaenda zake akipiga mluzi. Wimbo wa harusi!

Jumatano, tarehe 8 Mei

Nina mpango. Wasikutane. Basi! Shangazi aje mapema, Mwenyekiti aje kwa kuchelewa, mimi nikae katikati kama ukuta. Nilimwambia Mwenyekiti kwamba umande wa mwezi huu ni mbaya kwa magoti. Alinishukuru sana.

Saa mbili kamili huyo hapo, amevaa soksi nene hadi magotini. Mpira wake wa kwanza ukaenda kombo, ukaingia katika kikapu cha chuma, na minyororo yake ikalia kama kengele ndogo ndani ya maji. Sauti nzuri mno. Nilitaka kulala ndani yake.

Akauliza dude hili ni nini.

Kichanja cha vyombo, mzee. Cha kukaushia.

Akakizunguka. Akaitikisa minyororo. Akasema maji yanateremka humo humo, sahani zinabaki juu zinapigwa na upepo. “Watu wana akili, jamani!” Akataka kimoja kwa ajili ya nyumbani kwake. Mama watoto atafurahi, akasema. Nikainamisha kichwa kama aliyekibuni.

Jioni, Shangazi alikuwa anapindua gauni la mteja, pini mdomoni. Akauliza kwa pembe ya mdomo, baba, yule mzee umeshamwambia? Nikasema nimeshamgusia. Si uongo. Nilimgusa mkono nikimpa kalamu. Akanitazama juu ya miwani. “Wewe! Ukinidanganya nitakushona huo mdomo, na uzi ninao.”

Nililala nikisikia cherehani. Cherehani nayo ilikuwa inajua.

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Wamekutana. Nilikwenda kumwagilia maua ya Meneja, dakika chache tu, na niliporudi Mwenyekiti na Shangazi walikuwa wameketi ofisini wanakunywa chai kama wakwe waliokubaliana mahari. Nikapita nyuma ya kabati la mafaili. Nikabaki huko.

Mwenyekiti alikuwa anauliza kama sahani zake zinatosha watu wote. Shangazi akasema zipo tele, kila mtu atapata yake, na asiyejua atafundishwa. Mwenyekiti akacheka, akasema wanachama wake hawahitaji kufundishwa, tangu wazaliwe wanajua. Shangazi akasema wote husema hivyo. Mwenyekiti akauliza wataanza na nini. Shangazi akasema, “Tunaanza na za mbali, zinafuata za kati, halafu za kumalizia.” Mwenyekiti akauliza, za kumalizia ni tamu? “Mzee, hizo ndizo tamu kuliko zote! Ukisikia imeingia, utaomba nyingine.”

Wakapeana mikono. Jumamosi, mashindano yakiisha. Mwenyekiti akasindikiza mgeni mpaka mlangoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Shangazi akaniona nyuma ya kabati na, kwa kuwa nilimwomba asinijue mbele za watu, akanisalimu: hujambo, bwana faili.

Kila mmoja kaondoka ana furaha. Nilikaa sakafuni nikatazama vumbi likicheza kwenye mwanga wa dirisha. Halina uzito, halina mwajiri. Nikafikiri: mambo ambayo kila mtu ameyafurahia yanaweza kuwa mabaya kweli?

Ijumaa, tarehe 10 Mei

Ndiyo. Yanaweza.

Nimepima njia zote. Kusema kweli: hapana. Kutafuta wapishi wengine: niliwapigia, wakacheka. Kuugua: nimejipima joto, niko mzima kupita kiasi. Imebaki mvua. Nimetazama mbingu tangu asubuhi. Wingu moja lilikuja juu ya uwanja, jeupe, duara, likasimama kidogo juu ya shimo la mwisho, likaenda. Hata wingu lilikuwa sahani.

Nikamwendea Shangazi. Nikamwambia kwamba kwa wenye gofu, ni heshima mgeni kuja na chakula cha wenyeji. Akaacha kushona. Akauliza ni nani aliyewalea watu hao, mgeni aitwe halafu abebeshwe masufuria! Akasema yeye atakwenda na mkoba wake wa visahani na chupa ya maji, na mwenye njaa ale kwao. Basi.

Mluzi anajua kitu. Alikuja akaegemea mlango wangu. Akasema Jumamosi ataweka mikate dukani, kwa roho yake tu. Nikamuuliza anamaanisha nini. Akasema, “Mimi? Mimi simaanishi kitu, msomi. Mimi napenda mikate.” Ananitisha mtu huyu.

Jumamosi, tarehe 11 Mei

Naandika haraka.

Hakukuwa na ukungu. Jua laini, nyasi kama zimechanwa kwa kitana. Mashindano yakaisha. Wanachama na wake zao na waume zao wakaketi kwenye meza ndefu nje, vitambaa vyeupe, uma na visu, glasi zinameta. Mezani hakuna sahani hata moja. Wote wanazungumzia njaa zao kwa sauti za kirafiki. Mimi nilisimama nyuma ya kiti cha Mwenyekiti, nikitabasamu. Sikuweza kuacha.

Shangazi na wenzake wakatokea juu ya mteremko, mikoba mabegani. Mwenyekiti akainuka, akapunga mkono, akaita, “Mama, sahani zije sasa!”

Zikaja.

Sijui nitaielezaje. Zilitoka juu ya mteremko zote pamoja, nyekundu, njano, za buluu, zikakaa angani kwa muda ambao hauwezekani. Kivuli cha kila moja kikapita juu ya vitambaa vyeupe. Mama mmoja aliinua uso kama anayeangukiwa na maua. Kisha zikaanza kutua: nyasini, kwenye kiti kitupu, na moja, nakula kiapo, ikateleza mezani ikasimama mbele ya Mwenyekiti, katikati ya uma na kisu, kana kwamba imetengwa.

Nilikuwa na furaha kabisa. Nilisahau kila kitu.

Mwenyekiti akaigeuza. Akatazama chini yake. Akauliza, na chakula?

Shangazi akawa ameshafika. “Chakula gani tena, mzee? Si uliagiza sahani?” Wakatazamana. Wakaulizana. Neno la vichanja likatajwa. Neno la wapishi likatajwa. Nikaona ni wakati mzuri wa kuokota kitambaa kilichoanguka, nikaingia chini ya meza. Huko niliisikia sauti ya Shangazi ikisema, mtaa mzima ukisikia, “Yuko wapi mtoto wa kaka yangu? Toka huko, viatu vyako nimevinunua mimi!”

Nikatoka. Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo baya zaidi.

Ndipo Mluzi akaja na mikate kutoka dukani, na chai, na akagawa akipiga mluzi taratibu. Watu wakala wamesimama. Mgeni mmoja akarusha kisahani kwa hasira tu, kikapaa vizuri, akakikimbilia. Wengine wakafuata. Mwisho Mwenyekiti mwenyewe akashika kimoja, Shangazi akamwambia asikunje mkono kama anayefukuza nzi. Akarusha. Minyororo ikalia. Akabaki amesimama na mkono umenyooka mbele, kama mtu aliyeamshwa, asiyetaka kuamka.

Jumatatu, tarehe 13 Mei

Nimeitwa saa tatu.

Mwenyekiti hakupandisha sauti. Akasema wachezaji wa visahani watabaki, asubuhi zao ni zao. Akasema ningemwambia Jumatatu ile, angejibu sawa na kuendelea na chai yake. Sawa! Neno moja! Mluzi kathibitishwa, kwa sababu ya mikate. Mimi nimeongezewa miezi mitatu ya majaribio, kwa sababu ya Shangazi, ambaye alimwomba kwa sauti yake yote.

Akauliza kama kuna jambo lingine ninalomficha. Nikasema hakuna, mzee. Nilisema kwa moyo safi. Nilijisikia mwepesi, nikaona huu ndio mwanzo mpya. Kisha akauliza kama na mimi hucheza.

Sijawahi kushika kisahani maishani mwangu. Nikajibu kama mtu aliyelelewa vizuri anavyojibu: kidogo tu, mzee.

Akapiga meza kwa furaha. Wanaosema kidogo tu, akasema, ndio hatari! Basi Jumamosi hii nitaifundisha kamati nzima kurusha, wanachama wote wakitazama, na majaribio yangu yataanza kuhesabiwa hapo. Mdomo wangu ulikuwa wazi. Ungeweza kusema kitu. Ukasema asante.

Sasa nimetulia. Dirisha liko wazi, uwanja umelala, nyasi zinahema. Nina mpango, na safari hii ni mwepesi, hauna mianya. Ijumaa nitateguka bega. Shangazi ana vitambaa vya kufungia, sihitaji kumweleza ni vya nini. Kilichobaki ni kuchagua bega. Nimefikiri kwa makini, nimechagua la kushoto, ili mkono wa kulia, ninaoutumia kwa kila kitu, ubaki huru kwa kazi yoyote watakayonipa.