Pilipili Sita na Sindano ya Ganzi

Jumatatu, 3 Machi

Zimeiva! Mche mmoja, rangi nne: zambarau, manjano, chungwa na nyekundu, zote zimesimama wima zikitazama juu. Vyungu saba, roshani nzima inawaka. Nimeziotesha mwenyewe kutoka kwenye mbegu. Shemeji, kaka yake mke wangu, aliyekuja kwa wiki mbili na sasa ni mwezi wa nne, akasimama mlangoni akasema pilipili za mapambo haziliwi. Nikamjibu kwamba zinaliwa vizuri sana, na mimi huzila kila siku.

Sijawahi kuonja hata moja.

Jumanne, 4 Machi

Mdomo uliponza kichwa. Shemeji kapeleka maneno kwa mke wangu. Anadai kwamba kama vyungu ni vya kutazama tu, basi roshani apewe yeye, aweke baiskeli yake ya mazoezi. Kwa sasa iko sebuleni na tunairuka kila tunapotaka kukaa. Haijawahi kwenda popote, wala mwenyewe.

Mke wangu akaamua. Jumamosi wazazi wake wanakuja kula mchana. Nile pilipili sita mbele yao, bila maji, bila chozi. Nikiweza, roshani ni yangu. Nikishindwa, vyungu vinatoka. Mwamuzi ni mama mkwe. Nikakubali kwa kicheko kirefu.

Roshani ile naipenda. Ndiyo mahali pekee katika nyumba hii ninapokaa bila kuombwa nisogee.

Jumatano, 5 Machi

Nimeonja nyekundu. Nusu! Nimeizunguka meza ya jikoni mara tisa. Kisha nikajaribu ya zambarau, nikiamini kwamba changa itakuwa na huruma. Haina. Nimetokwa na jasho nyuma ya masikio, mahali ambapo sikujua kwamba panatoka jasho.

Wahenga walisema pilipili usiyoila yakuwashia nini. Hawakusema lolote kuhusu unayoila.

Alhamisi, 6 Machi

Akili ni mali! Mimi ni karani wa mapokezi katika kliniki ya meno. Leo mgonjwa katoka kwa daktari amejing'ata mdomo hadi damu, na hana habari. Anacheka, anaulizia mwavuli wake. Ganzi! Miaka sita niko kwenye meza ile, watu wasiohisi kitu wananipita mbele ya macho, na wazo halikunijia.

Nina jino lililotoboka, chini kushoto. Mke wangu ananisihi mwaka wa nne sasa nikalizibe. Nimejiandika mwenyewe kwenye daftari: Jumamosi, saa sita kasorobo, mgonjwa wa mwisho. Chakula nyumbani ni saa saba. Daktari, mama asiyeharakisha hata neno moja, alifurahi sana. Akasema hatimaye nimekua.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji amepima roshani kwa futi ya fundi. Mara mbili. Nilimshikia upande wa pili wa futi, kwa huruma.

Mke wangu kapata habari za jino. Akanikumbatia jikoni, akasema anajua ninavyoogopa sindano na kwamba ameoa jasiri. Nikamkumbusha kwamba mimi ndiye niliyeoa. Nusura nimwambie ukweli wote. Nikaosha vyombo badala yake.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kwa shida. Jicho moja limefunga.

Sindano ilikwenda vizuri. Jino limezibwa. Daktari akanionya nisile chochote mpaka ganzi iishe. Nikaitikia kwa kichwa, maana mdomo ulikuwa umeshahama. Saa saba kamili niko nyumbani, shavu la kushoto kama la mtu mwingine. Mate yakinitoka, nayafuta. Ushindi mtupu.

Baba mkwe akachelewa. Saa nane hajafika. Alipofika akataka kwanza kupumzika. Kisha akataka kutusimulia jinsi walivyokarabati choo chao, tangu siku ya kwanza. Nikaulizia chakula mara tatu. Akasema kijana, haraka ya nini? Saa tisa kasorobo midomo ikaanza kunitekenya. Ganzi inarudi kwao!

Tukakaa mezani. Ya kwanza nikaitupa kushoto. Kimya. Ya pili, kimya. Shemeji akabadilika rangi. Hizo zilikuwa dakika tamu kuliko zote mwaka huu, na sijutii. Ya tatu, mbegu moja ikavuka kwenda kulia. Kulia hakukuwa na ganzi. Hakujawahi kuwa na ganzi! Daktari alichoma upande mmoja tu, na mimi, karani wa meno wa miaka sita, sikulifikiria hilo. Ya nne ikakuta na kushoto kumeshaamka. Nikafuta mate kwa vidole vilevile vilivyokuwa viking'oa vikonyo vya pilipili, kisha nikafuta jicho.

Nilikimbilia roshani. Nilikunywa maji ya kumwagilia, moja kwa moja kwenye mdomo wa kopo. Mke wangu akanifuata na maziwa, akanishika shingo kama ndama.

Tuliporudi mezani, mama mkwe alikuwa amezila mbili zilizobaki pamoja na chakula chake, taratibu, macho makavu. Akanyoosha mkono kuomba chumvi.

“Ni kali tu, mwanangu,” akasema. “Ladha haina. Mpe shemeji yako roshani.”

Jumapili, 9 Machi

Baiskeli iko roshani. Shemeji ameipanda dakika nne, kisha akaanika taulo juu yake.

Nikamwambia mke wangu habari ya ganzi. Alicheka hadi akakaa chini kwenye sakafu. Kisha akaacha kucheka, akasema: “Yaani miaka minne nimekubembeleza kwa ajili ya afya yako, ukaenda kwa ajili ya pilipili?” Nikasema ndiyo. Akasema jino limezibwa, kwa hiyo anasamehe. Nampenda sana mwanamke huyu. Lazima nimrudishie roshani yake, yaani yangu.

Jumatatu, 10 Machi

Vyungu saba vimehamia kliniki, dirishani kwenye chumba cha kusubiria. Wagonjwa wanavisifu. Daktari kaniangalia mdomoni, akakuta nimeutafuna ulimi mahali pawili, akauliza kwa upole kama niko salama nyumbani.

Nimefikiri sana. Kosa langu lilikuwa moja tu: upande. Shemeji amekubali marudiano mwezi wa tano. Nikamwomba daktari atafute jino bovu la kulia, ili siku hiyo anichome pande zote mbili. Akamulika, akagonga moja moja. Akasema kulia meno yote ni mazima kabisa, nimshukuru Mungu.

Nimenunua peremende pakiti mbili. Nazimumunya kulia tu.