Safari za Pikipiki Isiyo na Injini

Jumatatu, 2 Machi

Siku ya kihistoria. Mke wangu, mkunga, kahamishiwa zahanati ya nyuma ya vilima. Saa moja na nusu kwa miguu, na hiyo ni kwenda tu! Mganga mkuu kasema pikipiki ya kazi ipo, atapewa yeye, mradi nyumbani kwake awepo mtu mwenye leseni, hata ile ya kujifunzia. Mwisho Jumatatu ijayo. La sivyo pikipiki inakwenda kwa karani wa zahanati, awe anapelekea mafaili. Mafaili! Yule bwana mafaili yake yote yanaenea kwapani.

Nikamwambia mke wangu asiwe na shaka, mumewe alizaliwa juu ya pikipiki. Akauliza mbona siku ile fundi Spana aliponipakia nilifumba macho njia nzima. Nikamweleza nilikuwa nasikiliza injini.

Mimi ni fundi makochi. Nimewakalisha wakuu wa shule, wachungaji, mpaka jaji mmoja mstaafu. Aliyekalisha watu wote hao atashindwa kukaa mwenyewe?

Jumanne, 3 Machi

Kwa Spana, kushona siti. Kuna pikipiki pale haina injini, imesimama kwenye stendi tangu mvua za mwaka juzi. Nikaipanda nipime siti. Kupima tu.

Sijui kilichotokea. Upepo uliingia mlangoni, bati likapotea juu yangu. Nikawa kwenye barabara ndefu iliyolowa, ukungu huku na huku. Mke wangu nyuma na begi lake la kazi, mikono kiunoni mwangu kama enzi zile. Tulipofika kwenye vilima, vilima vikasogea, vikatupisha.

Mlio wa injini nilikuwa nautoa mwenyewe kwa mdomo. Hilo sikulijua mpaka Spana aliponigusa bega na kuuliza nimefika wapi, mzee, maana wateja wanaogopa kuingia. Nikamwambia nimevuka mito miwili. Akasema nikirudi nisisahau siti ya watu.

Karani naye alikuwepo, kaja kujaza upepo baiskeli yake. Leseni anayo tangu ujana, pikipiki hana, na hiyo ndiyo inamkereketa. Akataka kujua kochi langu lina gia ngapi. Sikumjibu. Tembo hagombani na inzi. (Jibu nililipata baadaye, nikiwa naoga. Lilikuwa zuri sana.)

Alhamisi, 5 Machi

Mbinu! Injini haipo, lakini mteremko upo. Asubuhi nikaikokota ile pikipiki mpaka juu, kwenye tangi la maji. Nikapanda. Nikajiachia.

Watu hawajui siri hii: pikipiki ukiitoa injini inakuwa ndege. Kimya kabisa. Jua changa usoni, nyumba zinapita kama zinaota, harufu ya sabuni ya kufulia inakuja taratibu kutoka mahali fulani. Nikafikiri, kumbe dunia ni laini hivi!

Harufu ile ilikuwa na kamba yake. Niliondoka na shuka mbili na gauni la kitenge, nikasimamishwa na ukuta wa choo. Spana aliniambia baadaye kwamba breki nazo alishazitoa, alidhani najua. Mwenye nguo alinipokea kwa maneno ambayo hata mimi niliyeona dunia nilikuwa sijayasikia. Nimezifua upya kwa mikono yangu, zote, na za jirani yake pia, maana nilishalowa.

Jioni mke wangu kanisomea kijitabu cha sheria za barabarani. Nimemwambia mimi hujifunza kwa masikio, macho yakiwa yamefungwa. Anasoma kwa ile sauti yake anayowatulizia wanawake wenye uchungu. Ukurasa wa nne nikawa nimeshafika mbali. Juzi na jana pia, ukurasa wa nne. Nilipozinduka alikuwa bado anasoma peke yake. Kasema hapendi kuacha kitu katikati, kazini kwake hairuhusiwi.

Ijumaa, 6 Machi

Mtihani. Maswali ishirini, kufaulu ni kumi na sita. Mtahini ni mama mtu mzima, miwani kaining'iniza shingoni, anatembea kati ya madawati kama paka.

Nikageuka. Mke wangu! Dawati la nyuma, kavaa sare ya kazi, anaandika. Moyo ukanijaa. Mwanamke kaacha shughuli zake, kaja kuniandikia majibu! Nikakohoa mara mbili. Nikajikuna sikio. Nikaangusha kalamu kuelekea kwake. Hakuinua hata kichwa. Nikasema moyoni, ana akili huyu, anazuga.

Swali la kumi na moja: je, anayejifunza anaruhusiwa kupakia abiria? Nafasi ilikuwa ya neno moja. Mimi niliandika mpaka nyuma ya karatasi. Kwamba inategemea abiria ni nani, na kama ni mke, hiyo si ruhusa, ni wajibu.

Mtahini akaniita mbele. Kasema hapana, haruhusiwi. Nikamuuliza hata akiwa mke wa ndoa. Hata mke. Hata akiwa mkunga? Hata mkunga. Hata kama huko aendako kuna mtoto yuko njiani anamsubiri? Akavaa miwani, akanitazama. Kasema yeye mwenyewe alizaliwa njiani, baba, akapokelewa na mkunga aliyekuja mbio kwa miguu, Mungu amweke pema, na jibu ni lile lile.

Nimepata kumi na tano. Nirudi baada ya mwezi.

Nilikaa kwenye ngazi za ofisi. Niliiona pikipiki ikipotea na karani juu yake, mafaili yanapepea. Niliwaona wanawake wa nyuma ya vilima, wanatazama njia, njia haina mtu. Sikuwa na la kujisifia. Hali mbaya sana hiyo.

Mke wangu akatoka, akakaa pembeni yangu, akaniwekea karatasi gotini. Jina lake. Ishirini kwa ishirini. Akasema alijiandikisha tangu Jumatano, hakuniambia kwa kuwa nilikuwa nimelala.

Nimewatangazia watu wote mtaani kwamba nyumba yetu imefaulu. Thelathini na tano kwa arobaini!

Jumapili, 8 Machi

Spana kampa mke wangu pikipiki yenye kila kitu, kiwanja cha shule. Mimi nilisimamia kutoka majanini, chali. Klachi, gia, breki, kazunguka, kasimama. Karani kapita na baiskeli, kasema shemeji anaendesha vizuri, mwalimu wake nani? Safari hii jibu nilikuwa nalo. Nikanyoosha kidole, kikaelekea kifuani kwangu. Spana akakohoa.

Jumatatu, 9 Machi

Kaondoka na pikipiki ya kazi saa kumi na mbili na nusu. Peke yake, begi mgongoni, ukungu mpaka magotini. Nilimwomba anipakie walau mpaka mlimani, niione ile barabara yangu. Kasema anajifunza, haruhusiwi, na tena si nilishajadiliana na mtahini? Nilibaki nasikiliza mlio mpaka ukawa uzi, uzi ukakatika.

Nimeshinda ndani nikifikiri. Kijitabu nimekifungua kwa mkono wangu mwenyewe, ukurasa wa kumi na moja. Kinakataza abiria. Abiria! Kuhusu mzigo, ukurasa huo hausemi hata neno.

Nimeshona gunia. Kazi safi: sponji chini, tundu la pua, tundu la jicho upande wa mandhari. Nimeliandika ubavuni, PAMBA ZA ZAHANATI. Spana kakubali kunifunga juu ya keria kesho alfajiri kabla mke wangu hajatoka, ingawa kakataa kunitazama usoni.

Kofia ngumu nitaivalia humo humo ndani. Mimi na sheria hatuna ugomvi.