Sekunde Kumi na Saba kwa Kiwi Nyeupe

Jumatatu, 27 Mei 1996

Sikukuu ya wanajeshi waliokufa vitani. Nyama imechomwa, bia imenywewa, nami nimetukanwa mbele ya saladi ya viazi. Jirani yangu Duane Pruitt, mwenye gari jekundu la mistari myeupe alilolinunua likiwa tayari (hajawahi kukaza hata nati!), kaniuliza mbele ya mtaa mzima kama Nova yangu ya kahawia ni gari au jeneza lenye redio. Watu wakaangua kicheko. Mke wangu Nadine naye akacheka! Nikamwambia Duane tukutane uwanja wa mbio za magari, Jumamosi ya wiki ijayo. Atakayeshindwa ataosha gari la mwenzake kila Jumamosi, kiangazi chote, barabarani, watu wakitazama. Akanipa mkono kabla sijamaliza kusema. Mjinga! Hajui kilicho gerejini kwangu chini ya shuka la maua.

Alhamisi, 30 Mei

Kilicho chini ya shuka: injini ya silinda nane, nguvu za farasi 480. Nimeiunda mwenyewe msimu wote wa theluji. Mimi ni fundi bomba, sikusomea popote, lakini bomba ni bomba, lipite maji au petroli. Leo injini imeingia ndani ya Nova. Gari lilikuwa la mama mkwe, Bi Opal. Milango minne, kutu kwenye bampa. Aliniachia kwa sharti moja: nimpeleke kanisani kila Jumapili. Basi nje sijagusa kitu. Kutu nimeiacha. Boksi la tishu lenye kitambaa cha kufuma liko palepale kwenye kioo cha nyuma. Nje bibi, ndani simba! Nilipoiwasha, sahani mbili za Nadine zikaanguka. Nikafunga sailensa kubwa. Sasa inakoroma kama paka aliyeshiba. Nilicheka peke yangu mpaka nikagonga kichwa kwenye boneti.

Jumapili, 2 Juni

Kanisani na mama mkwe. Taa zilipowaka kijani nikagusa mafuta kidogo. Kidogo tu! Kofia yake ikahamia kiti cha nyuma, bakuli la maharage likaifuata. Nikajua nimekwisha. Mwisho wa mtaa Bi Opal akasema, "Verlin, baba, hebu rudia."

Jumatano, 5 Juni

Nimepata! Uwanjani kwetu kila dereva huandika kwenye kioo cha mbele, kwa kiwi nyeupe ya viatu, muda anaotarajia kutumia mpaka mstari wa mwisho, kwa sekunde. Mwenye muda mrefu huondoka kwanza, mwenzake akingoja hiyo tofauti, ili hata gari bovu lipate nafasi. Sasa piga hesabu. Duane huandika 13 siku zote. Mimi nikiandika 17, anasimama pale sekunde nne nzima akinitazama mgongo! Na gari langu linakimbia kwa 12 na ushee. Zawadi ya bure! Inashangaza kwamba hakuna mwingine aliyeligundua hili. Nadine akashauri niwaulize watu wa uwanja kwanza. Nikamwambia mfanyabiashara akishaona faida haulizi maswali.

Jumamosi, 8 Juni

Asubuhi, mazoezi. Niliendesha kama nimebeba mayai. Sekunde 17 kamili! Mzee wa getini akaanza kunieleza kitu, "Lakini kumbuka, bwana, ukikimbia chini ya..." Nikapandisha kioo. Siri zangu haziwahusu. Duane akaja, akaliona boksi la tishu, akauliza, "Babu, sindano za kufumia umezisahau nyumbani?" Cheka, Duane. Cheka!

Zamu yetu. Kijani kwangu. Nikakanyaga mpaka sakafuni. Loo! Nova ikainua pua, moshi ukafunika tairi, vifuniko vya magurudumu vikaruka kama sahani za Nadine. Duane kwenye kioo alikuwa mdogo kama kunguni. Nikapita mstari. 12.4! Nikapiga honi, nikaimba, nikawapungia mkono. Jukwaa zima limesimama!

Kumbe linacheka. Taa ya ushindi imewaka upande wa Duane. Akaja polepole, mkono nje ya dirisha, kama anakwenda kununua stempu. Mtangazaji akaeleza kwenye spika, taratibu, kana kwamba anaongea na mtoto: anayekimbia haraka kuliko muda alioandika mwenyewe, ameshindwa. Sheria iliwekwa, akasema, kwa ajili ya wajanja kama yule bwana wa gari la bibi. Nimeshindwa kwa kushinda! Wizi! Bi Opal alikuwa jukwaani akipiga kelele kwamba waamuzi wote walevi. Mwanamke wa maana sana.

Jumamosi, 15 Juni

Nimeosha gari jekundu. Duane kakaa kwenye kiti cha kukunja, maji ya limau mkononi, ananielekeza kwa kidole cha mguu. "Hapo, babu. Chini ya taa. Sugua kwa upendo." Mtaa mzima ukajifanya unamwagilia maua.

Lakini ndoo haizuii akili. Nikisugua nikafikiri, na kosa langu nimeliona waziwazi. 17 ilikuwa karibu mno na ukweli. Kwa hiyo nitaandika 25! Nitakuwa nimeshafika, nimeshuka na kujinyoosha mgongo kabla Duane hajaruhusiwa kuondoka. Mtangazaji atatangaza nini hapo? Nimemwomba Duane turudiane, safari hii dau liwe pamoja na kiangazi cha mwakani. Akanipa mkono haraka kuliko mara ya kwanza.

Mjinga! Kiwi nimeshanunua.