Dang'a Iliyonikosesha Malindi

Jamaa zangu wa bweni,

Leo nimeaibika. Tena mchana kweupe, Garsen nzima ikitazama, na mbuzi wakitazama pia.

Mnanijua, mimi si mtu wa kuaibika ovyo ovyo. (Nyamaza wewe Guyo, habari ya kaptula ile ilikwisha.) Na kosa si langu. Kosa ni la huruma ya watu. Ngojeni niwaeleze.

Alfajiri mbuzi wa baba kazaa mapacha. Daktari wa mifugo, mzungu aliyepiga hema karibu na soko la ng'ombe, alikuwa akiwangoja kama anayengoja wajukuu. Haja yake ni damu. Anataka kujua damu ya mwanambuzi hugeuka vipi baada ya kuzaliwa: kabla hajaonja dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, na baada ya kuionja. Basi pacha mmoja anyonye, mwenzake angoje hadi adhuhuri, kisha damu zao zilinganishwe.

Nani wa kumlinda anayengoja? Palihitajika msomi. (Mimi.)

"Wewe chunga hii moja," Daktari akaniambia kwa Kiswahili chake cha kizungu. "Hapana nyonya, hata kidogo. Kazi ikiwa mzuri, jioni wewe panda gari na mimi, kwenda Malindi. Wewe shika chupa yangu, likizo yote."

Malindi! Bahari! Mimi ambaye maji mengi niliyowahi kuyaona ni Tana ikifurika! Hajamaliza kusema, nimekwisha kuwaaga nusu ya majirani. Shati la safari nikalivaa saa ile ile.

Taabu ilikuwa moja tu. Mapacha walikuwa weupe wote, pua mpaka mkia. Nitawatofautishaje? Elimu ikafanya kazi yake. Nikachana ule ukanda mwekundu niliopewa kwenye mbio za shule, nikamfunga shingoni yule aliyefungishwa saumu. Kisha nikamfungia nyuma ya nyumba, mbali na mama yake. Nikarudi hatua chache nikamtazama. Kazi safi.

Hapo nikatoka kwenda sokoni mara moja. (Mara moja yangu mnaijua.) Watu walitaka kuelezwa, na mimi si mchoyo wa elimu. Nikasimama mbele ya wachuuzi wa mbuzi: "Mwanambuzi huzaliwa na damu changa, haina askari wa kupigana na maradhi. Askari wamo ndani ya dang'a! Akinyonya, wanapenya tumboni, wanaingia kwenye damu. Akichelewa sana, tumbo linafunga mlango, hawaingii tena!"

"Askari hao wana bunduki?" akauliza mchuuzi mmoja wa Kisomali.

"Wana virungu."

Wakacheka. Nikanogewa. Jua likanifika utosini mimi bado nagawa askari.

Adhuhuri Daktari akaja nyumbani, nami nikarudi na watu wa sokoni nyuma yangu, maana nilikuwa nimewaalika. Mwanambuzi wangu tulimkuta amelala kimya, hata hasemi mee. Mimi nikaona adabu. Kumbe shibe.

Daktari akawatoa damu wote wawili, akaizungusha kwenye mashine yake ya mkono mpaka maji ya damu yakajitenga juu. Akachukua kichupa cha dawa ili aitie kwenye maji yale.

"Tazameni!" nikatangaza. "Aliyenyonya, maji yake yatafanya ukungu. Huyu wangu yatabaki mangavu."

Ya kwanza, ukungu. Ya pili, ukungu. Tena mzito kuliko wa kwanza!

Daktari akanigeukia. "Hii nakunywa maziwa."

"Hapana, bwana. Dawa yako imeharibika." (Ndiyo, nilisema hivyo. Kwa daktari.)

Watu wakaguna. Mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi nikamnyanyua mwanambuzi juu ya kichwa changu, nikambana tumbo kwa mikono miwili ili wa nyuma nao waone.

"Tumbo tupu hili! Kama huyu ameonja hata tone, basi mimi ndiye niliyemnyonyesha!"

Akaninyea.

Manjano, jamani. Mavi ya manjano ya mtoto aliyeshiba dang'a, utosini, usoni, mpaka kwenye shati la Malindi. Hata asiyejua mbuzi aliyajua.

"Hongera, mama!" akapiga kelele yule Msomali. "Maziwa yako mazito!"

Katika vicheko vile akatokea Shangazi Habiba, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. "Mnamcheka nini yatima wa watu? Mimi nimemnyonyesha kwa mbuzi wangu aliyezaa jana, na kabla yangu wamepita wanawake wawili na mbuzi wao."

"Shangazi! Nani kakwambia ni yatima?"

"Si wewe uliyemfunga kitambaa chekundu? Tangu lini kwetu kitambaa kile kikawa pambo? Mwanambuzi aliyefiwa na mama ndiye anayevishwa, mwenye mbuzi wa maziwa akipita amsaidie. Nami nikamwona kafungwa peke yake, analia, mwenyewe hayupo. Hilo nalo shule imekusahaulisha?"

Mdomo niliogopa kuufungua, maana mavi yalikuwa yanachuruzika.

Daktari alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Halafu akavifunga vichupa vizuri kwenye sanduku. "Damu hii mzuri sana. Mama tatu! Hii nakwenda Malindi."

"Na mimi, bwana?"

"Wewe nabaki. Wewe nanyonyesha."

Basi gari limeondoka. Sanduku la damu limekaa mbele, kando ya dereva, penye kiti changu hasa. Nanyi mnaotaka kucheka huko mliko, chekeni kwa heshima: mnamcheka mzazi.