Kompyuta Isiyojua Kukataa

Jumatatu, 23 Juni 1975

Leo nimezaliwa upya! Jirani yetu Mwamvua kaniletea vitumbua vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti. Vitumbua nimekula, gazeti nimesoma. Linasema Ulaya kuna mashine iitwayo kompyuta. Unaiuliza swali, inafikiri, inajibu. Ndani ni nyaya, taa na vidude kama vya redio. Maelezo ya kuiunda yamelowa mafuta, hayasomeki. Si neno.

Mwenyekiti wetu hapa Tindiga anatafuta kitu cha kujitegemea cha kupeleka maonyesho ya Sabasaba, Morogoro. Mwaka jana tulipeleka boga. Mwaka huu itakwenda kompyuta, na kando yake nitasimama mimi, Makarius, nimevaa suruali iliyopigwa pasi!

Redio ninayo. Yaani, ni ya mke wangu Fausta, kaipata kwa mpunga wake mwenyewe. Yuko Ruhembe kwa dada yake aliyejifungua, anarudi Jumapili. Baada ya yale ya saa ya ukutani, aliapa kwamba nikifungua kitu chake kingine atapanda kwao mlimani na hatateremka tena. Anamaanisha. Kwa hiyo nitaifungua kwa uangalifu.

Jumatano, 25 Juni

Redio imefunguka. Haifungiki.

Vidude vinavyong'aa nimevitia kwenye kompyuta. Visivyong'aa viko kwenye kopo. Mwili ni sanduku la sabuni. Mbele kuna kitufe na balbu mbili za tochi: moja NDIYO, nyingine SIYO. Nikishinda Sabasaba, Fausta atasahau redio. Nisiposhinda... sitaki kuandika.

Mwamvua alikuja kusikiliza kipindi cha akina mama. Nikamwambia redio inaumwa. Akaliangalia kopo, akasema pole. Hakusema pole hiyo ni ya nani.

Alhamisi, 26 Juni

Kaja Timotheo, fundi baiskeli. Ni mtani wangu, kabila lake na letu yanataniana tangu enzi za mababu. Ana ruhusa ya kunisema na kuchukua changu, na mimi kazi yangu ni kucheka tu. Akasema nimeunda mtego wa panya. Nikacheka. Akachomoa balbu ya SIYO, eti tochi yake haina. Nikacheka. Alipokata kona nikaupiga ukuta teke. Kidole kimevimba.

Duka la ushirika lina chumvi na majembe, balbu hakuna. Basi nyaya zote nimezielekeza kwenye NDIYO. Kwani nchi inajengwa na wakataaji?

Ijumaa, 27 Juni

Mwenyekiti kaja kukagua. Akabonyeza kitufe, akauliza kama yeye ni kiongozi bora. NDIYO! Akauliza tena, ili kuhakikisha. NDIYO! Akasema hajapata kuona mashine yenye akili kama hii. Kesho ijibu mbele ya mkutano wa hadhara, na itakachosema kiheshimiwe na wote. Ikifaulu, safari ya Morogoro ni yetu. Nimeipiga pasi suruali mara mbili.

Jumamosi, 28 Juni

Nitaandika yote, hata yanayouma.

Watu walijaa. Mwenyekiti akauliza kama shamba la kijiji liongezwe. NDIYO! Makofi. Akauliza kama wazembe wakaripiwe. NDIYO! Vigelegele. Machozi ya furaha yalinilenga.

Ndipo Timotheo akasimama. Mwingine angekaa chini kwa amri, lakini mtani hakatazwi. Akabonyeza kitufe, akaiuliza kompyuta, kwa adabu kabisa, kama shimo la choo kipya cha shule lichimbwe na Makarius peke yake.

NDIYO.

Watu walianguka kwa kicheko. Nikadai swali halikueleweka. Akalirudia polepole. NDIYO. Mwenyekiti akasema sayansi imekwisha sema.

Halafu kicheko kikakatika. Fausta! Kaja siku moja kabla, kapata lifti ya lori la miwa. Akawaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, bila haraka. Akafika mezani. Akabonyeza, akauliza kama hii mashine imetokana na redio yake. NDIYO. Mwenyekiti akaanza kuyatazama mawingu.

Akaweka kidole tena kwenye kitufe. Akauliza kama sasa apande kwao mlimani.

Sikungoja. Niliirukia ile balbu nikaing'oa na kipande cha sanduku. Nikasema mbele ya Tindiga nzima kwamba kompyuta haijui kitu, ni sanduku la sabuni, na kwamba nampenda Fausta na nyumba bila yeye siiwezi. Sijawahi kusema hivyo hata chumbani.

Fausta akajitahidi kununa. Akashindwa! Akacheka mpaka akashika meza, Mwamvua akapiga kigelegele, Timotheo akapiga mluzi. Akasema habanduki, ila redio itakwenda kwa fundi Kilosa mjini, na choo nitachimba. Nimefurahi, nimefurahi!

Jumatatu, 30 Juni

Nachimba. Timotheo kaleta kiti ili anitazame vizuri. Nikacheka. Morogoro linakwenda boga.

Nimepata funzo kubwa: sigusi tena mambo ya kompyuta. Kompyuta haina faida kwa mkulima. Anachohitaji mkulima ni mashine ya kuchimba! Jembe lizunguke lenyewe, wewe ukanyage tu kwa miguu. Nimekwisha ichora mchangani. Kinachokosekana ni gurudumu na kikanyagio.

Fausta karudi na cherehani aliyopewa na dada yake. Nzuri sana. Ya kukanyaga.

Keshokutwa ana mazoezi ya kwaya. Bisibisi ninayo.